Saa tatu wote wanaacha kazi, mimi nabaki na msumeno

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni fundi seremala, mzaliwa wa Tanga, umri miaka 34. Nimeoa Mswisi, tulikutana Pangani alipokuja likizo, na sasa tunaishi huku kwao, jimbo la Aargau, kati ya Zürich na Basel. Tangu mwaka jana nimepata kazi kwenye karakana ya madirisha na makabati ya jikoni. Mafundi tuko tisa, na wanagenzi wawili.

Tunaanza kazi saa moja asubuhi. Ikigonga saa tatu, mashine zote zinazimwa. Watu wanajipuliza vumbi la mbao kwa bomba la upepo, wananawa, wanapanda chumba cha juu. Wanakaa meza moja, kuanzia bosi mpaka mwanagenzi wa miaka 16, dakika kumi na tano. Kahawa, mikate, jibini, soseji, tufaha. Wanaita Znüni. Siku tukichelewa kutoka kuna na ya saa kumi jioni, hiyo jina lake Zvieri.

Mwanzoni nilikuwa napanda nao. Baadaye nikaacha. Kwanza, mimi nyumbani nakunywa chai na kula vizuri kabla ya kutoka, saa tatu sina njaa. Pili, Kijerumani nilichosomea darasani miezi yote ile mezani pale hakisikiki. Wanaongea lahaja yao, wanacheka, mimi natazama kikombe. Tatu, zile soseji siziamini, na mimi ni Mwislamu. Na la nne, Mjomba, nimelelewa kwamba mgeni akitaka jina zuri asikae kitako wenzake wakimwona. Kwa hiyo wao wakipanda, mimi naendelea kukata mbao. Nilijua bosi atafurahi, na nilitarajia zile dakika kumi na tano nizipate jioni niwahi treni ya mapema kumchukua mtoto.

Wiki iliyopita bosi kaniita ofisini. Akaniuliza kwa upole kama kuna mtu amenikosea. Nikasema hakuna. Akasema basi saa tatu nizime mashine kama wengine. Jamaa mmoja naye siku hizi ananirushia vijembe, eti nataka medali. Na kuna kazi za kwenda kufunga madirisha kwa wateja, zina posho ya chakula. Wanachaguliwa wengine, hata aliyekuja baada yangu.

Mke wangu anasema nakuza mambo, ni kahawa tu. Kaka yangu kwa simu kutoka Tanga anasema wanataka nizoee nguruwe na pombe kidogo kidogo. Nani mkweli?

La mwisho. Mwanetu ana miaka mitano, yuko chekechea. Nilimfungia half keki kwenye kikopo chake cha saa tatu. Imerudi haijaguswa, na karatasi yenye picha za karoti na tufaha. Mke wangu alicheka. Mimi niliumia.

Fundi wa Tanga, Aargau


Mjomba anajibu:

Marahaba, fundi.

Kaka yako tumsalimie, lakini kwa hili hajui asemalo. Mke wako yuko karibu zaidi na ukweli, ila naye kakosea neno moja: "tu". Ingekuwa kahawa tu, bosi asingekuita ofisini.

Jiweke kwenye kiti cha yule mwanagenzi. Kila asubuhi anapanda ngazi na wenzake, anakata mkate wake, na chini anasikia msumeno unalia. Wewe unadhani mlio ule unasema "mimi ni mchapakazi". Huko juu unasikika unasema mawili mengine: kwamba ninyi wavivu, au kwamba sitaki kukaa nanyi. Yule wa medali amesikia la kwanza. Bosi amesikia la pili, ndiyo maana akakuuliza nani kakukosea. Huyo ni mwajiri mwenye adabu, mshukuru.

Na bidii yako hiyo nina swali nayo. Tanga kwenu, fundi akija kujenga na asubuhi ya saa nne wenzake wakakaa kwa chai na chapati, yeye akabaki juu ya dari anagonga misumari, mngemwita mchapakazi au mngeulizana ana nini? Ulilelewa kutokaa kitako mbele ya wenzako wanaofanya kazi. Hawa wamekaa wote, bosi wao akiwemo.

Sasa tuje kwenye hesabu ya dakika zako, maana hapo ulijipangia biashara ambayo haipo. Sheria ya kazi ya Uswisi ni ya mwaka 1964, na kifungu cha 15 kinapima mapumziko kwa urefu wa siku. Siku ikizidi saa tano na nusu za kazi, unapata angalau dakika 15. Ikizidi saa saba, nusu saa. Ikizidi saa tisa, saa nzima. Kwa fundi anayeanza saa moja na kula mchana saa sita, chakula cha mchana peke yake mara nyingi kinatosha kuitimiza sheria hiyo. Znüni yenyewe basi inasimama juu ya desturi, na juu ya makubaliano ya mahali pa kazi. Lakini mapumziko, ya sheria au ya desturi, yanakaa katikati ya kazi. Hayahamishiwi mwisho wa siku yakageuka ruhusa ya kuondoka mapema. Na ratiba ya karakana anaipanga mwajiri. Akisema saa tatu zima, unazima.

Kama unataka kuwahi treni ya mtoto, lizungumze hilo kama lilivyo. Nenda ukamwambie bosi: nina mtoto chekechea, je, naweza kuanza robo saa mapema siku fulani? Waswisi ni wepesi wa kusikiliza ombi lililopangwa kwa saa na dakika. Kisichowaingia akilini ni mtu kujikatia mwenyewe kimya kimya.

Kuhusu malipo, soma mkataba wako. Muda wa mapumziko unahesabiwa kazi pale tu mfanyakazi anapokatazwa kuondoka kwenye kituo chake. Zaidi ya hapo inategemea mwajiri na mkataba wa hali bora wa sekta yenu, na useremala unao wa kwake. Wapo wanaolipwa robo saa ya asubuhi, wapo wanaokatwa. Usidhani ni jambo dogo kwao: mwaka 2025 wajenzi walipogoma na kuandamana wakidai mkataba mpya, mojawapo ya madai yao ilikuwa Znüni ilipwe. Ukiwa kwenye mfumo wa kusajili muda kwa kadi, angalia pia kama robo saa hiyo inakatwa yenyewe. Kama inakatwa, basi siku zote hizo ulikuwa unakata mbao bure.

Kuna na la msumeno. Hapa sitanii nawe. Ukumbi mtupu, wenzako wote wako ghorofani mlango umefungwa, wewe uko peke yako na blade inazunguka. Kidole kikienda, nani atasikia? Suva, shirika la bima ya ajali kazini lenye makao yake Luzern, lina miongozo mahsusi juu ya mtu anayefanya kazi peke yake, na mashine za mbao si mahali pa kuijaribu. Bosi wako akipata ajali ya namna hiyo kwenye karakana yake ataulizwa yeye kwa nini fundi aliachwa peke yake. Hata kama angekuwa haipendi kahawa, kwa hili pekee angekuzimia umeme.

Desturi yenyewe ina mizizi ya watu kama wewe, wa kazi za mikono. Mkulima wa kule anaamka gizani kukamua ng'ombe, anapata kifungua kinywa cha haraka, na ikifika saa tatu tumbo linadai. Wajenzi, waashi, maseremala, wote hivyo hivyo. Viwanda vilipokuja, siku ya kazi ilikuwa ndefu ya kuua. Jimbo dogo la Glarus lilipoipunguza kwa sheria mwaka 1864, ilishuka hadi saa 12. Sheria ya viwanda ya nchi nzima ya 1877 ikaishusha hadi saa 11. Mtu wa siku kama hiyo asipokula katikati anaanguka. Leo hata karani wa benki aliyeanza kazi saa mbili na nusu anainuka saa tatu kwenda kwenye mashine ya kahawa, na huyo hana njaa kama wewe usivyo na njaa. Upande wa wasemao Kifaransa, Lausanne na Geneva, ni mpaka saa nne, na kahawa yao ya maziwa wanaiita renversé. Jambo ni lile lile.

Kwa hiyo njaa iweke pembeni. Hakuna anayehesabu matonge yako. Ukikaa na kikombe cha chai ya tangawizi uliyokuja nayo kwenye chupa, umeshiriki. Ila kaa.

Nakuelewa zaidi kwenye lugha. Mtu aliyejifunza Kijerumani cha vitabuni akiwekwa meza ya mafundi wa Aargau ni mtihani. Omba mara moja, kwa sauti ya kusikika: tafadhali, Kijerumani sanifu. Watabadilisha pale pale, kwa heshima kabisa, na baada ya dakika tatu watarudi kwenye lahaja yao bila kujua. Hawakutengi. Sanifu kwao ni lugha ya shule na ya kuandikia, mdomo unachoka. Waombe tena kesho. Na usisubiri kuelewa meza nzima: kaa karibu na mwanagenzi, ongea na huyo mmoja. Mwanagenzi yuko shuleni angalau siku moja kwa wiki, sanifu anayo mdomoni, na mzee wa miaka 60 atakusumbua zaidi. Kabla ya kuuma chochote sema "En Guete". Wanaitikia wote, kama karibu yetu ya chakula. Neno hilo moja litakufanyia kazi kuliko sura tatu za kitabu chako.

Mada zao utazizoea. Hali ya hewa, theluji, foleni ya barabara kuu, mteja aliyebadilisha rangi ya kabati mara ya tatu. Mshahara usiuulize. Kwao mtu anaweza kukueleza upasuaji wake wa goti kwa kituo na asikutajie anapata faranga ngapi.

Na katikati ya mazungumzo hayo ndipo kazi zinapogawanywa. Umelalamika kwamba huchaguliwi kwenda kwa wateja. Unadhani bosi anachagua wapi? Anasema akiwa na kikombe mkononi: Alhamisi tuna madirisha manne kule mlimani, nani anakwenda? Aliyepo anasema mimi. Wewe uko chini na msumeno. Tena fundi anayetumwa nyumbani kwa mtu ataketi jikoni kwa mteja akiletewa kahawa saa tatu hiyo hiyo, na bosi anataka kujua huyu fundi anakaaje na watu. Sikuahidi posho, lakini ningeanzia hapo kabla ya kufikiri ubaguzi. Ukishakaa miezi kadhaa na bado wanakuruka, niandikie tena, tutaongea lugha nyingine.

Chakula. Kwa soseji uko sahihi kabisa, usile. Ile fupi nene wanayoipenda sana, cervelat, ina nguruwe ndani, ndivyo inavyotengenezwa. Schinkengipfeli nayo imefichwa ndani ya unga mzuri lakini ni nyama ya nguruwe. Gipfeli tupu ya siagi, ule mkate wa umbo la mwezi mwandamo, haina nyama, vivyo hivyo Weggli, ule mkate laini ambao watoto huuchomeka kipande cha chokoleti, na Nussgipfel ya karanga za hazel. Keki uulize, hasa zikitoka mji wa Zug: ile torte yao maarufu ya kirsch imeloweshwa pombe, na kwa macho huwezi kuijua. Maeneo ya Luzern ukikaribishwa kahawa kwenye glasi, nyepesi hata unaona kijiko upande wa pili, ujue kuna pombe humo. Kwenye karakana saa tatu asubuhi hutaletewa hiyo, na msumeno unakungoja chini. Tamka mara moja tu mezani, bila hotuba: mimi nguruwe na pombe situmii. Wengine hapo mezani watakuwa hawali nyama kabisa, au maziwa yanawasumbua, na mwingine anapunguza sukari. Utapangwa kwenye foleni hiyo na maisha yataendelea.

Mwezi wa mfungo ukifika, waambie kabla haujaanza. Panda nao siku mbili tatu za wiki ukae bila kula, siku nyingine jipumzishe mahali tulivu, lakini mashine izimwe. Wataulizana, "Hata maji?" Jibu, hata maji. Utaulizwa tena kesho na mwenzake. Vumilia, wanauliza kwa huruma.

Kahawa ya mashine mara nyingi ina karatasi ukutani: unachora kistari mbele ya jina lako kwa kila kikombe, mwisho wa mwezi unalipa. Chora. Kikombe cha kazini ni cha rapeni chache, yaani senti za faranga, wakati mkahawani huko kahawa ya kawaida inazidi faranga nne, na hakuna kitu kitakachoharibu jina lako haraka kama kistari kilichosahauliwa. Zile krimu ndogo za kumimina kwenye kahawa, kama kuna mzee pale mwulize kuhusu vifuniko vyake. Kuna miaka Waswisi walivikusanya na kubadilishana kama stempu, watu wazima na akili zao, na huenda akakuletea albamu nzima.

Siku yako ya kuzaliwa ipo lini? Kwetu ungemwagiwa maji. Huko mwenye siku ndiye anayeleta: Gipfeli za kutosha watu wote, au keki, zinawekwa mezani saa tatu na unapewa mkono na kila mmoja. Usipoleta hawatasema kitu, watakumbuka tu. Kama mke wako hataki kusimama jikoni, simama wewe: vitumbua au maandazi ya iliki, ya moto, kwa watu kumi na moja. Na usingoje siku hiyo. Jumatatu hii, kwa sababu bosi ameshasema, panda na sahani. Huna haja ya kueleza ulikuwa wapi miezi yote hiyo.

Sasa mtoto. Ile karatasi usiisome kama tusi kwa half keki, wala kwa mama yako aliyekufundisha kuzikaanga. Karatasi ile wanapewa wazazi wote, Waswisi kwanza. Kikopo cha Znüni cha chekechea kinatakiwa kiwe na matunda, mboga mbichi, kipande cha mkate, jibini pengine, na maji. Vitamu vinazuiwa kwa ajili ya meno, na ili mtoto mmoja asile chokoleti mwenzake akitazama. Mfungie tango, karoti, ndizi, hata kipande cha chapati kisicho na sukari, ukimwuliza mwalimu kwanza kama mkate wa nyumbani unakubalika. Siku ya kuzaliwa ya mtoto kwa kawaida wanaruhusu keki ya darasa zima. Hapo ndipo half keki zako zinaingia, na uzikaange nyingi, maana mwalimu naye atachukua.

Nisalimie mama watoto.

Mjomba